Skrubu Zisizo na Alama

Monique,

Kabla hujafungua ukurasa wa pili, nakuomba usimwambie mtu neno hata moja la humu. Usimwambie padri wako, wala Gloire mume wako, wala mama yako mwenyewe akirudi leo. Funga mlango usome peke yako mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nimekuachia uamuzi, na hutaweza kuufanya ukiwa umesoma nusu. Mwanzoni daftari hili sikuliandika kwa ajili yako. Niliandika kwa ajili yangu tangu mvua zilipoanza, na sikufuta kitu. Ukifika mahali utakaponichukia, endelea tu kusoma.

Fikiri, wa depo

8 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Imeteremsha matope yote ya Kadutu mpaka barabarani. Leo nimetimiza mwaka mmoja kama karani wa depo ya kliniki. Nilipoajiriwa niliambiwa kazi yangu ni glavu, pamba na sindano. Leo nimesaidia kumbeba mtu aliyeletwa juu ya mlango, mlango wa kweli wenye kitasa, paja lake limepasuliwa na risasi. Kitasa kilinigonga goti njia nzima. Nimepata alama ya bluu na naona aibu kwamba ninaifikiria.

9 Septemba

Watatu wengine. Mmoja alikufa kwenye ngazi.

12 Septemba

Skrubu za mfupa zimebaki saba. Hapa Bukavu tunaziita visi. Docta Zagabe anazitumia kubana plaki ya chuma juu ya mfupa uliovunjika mpaka mfupa ujiunge. Zamani zilikuja kwa ndege. Uwanja wa Kavumu umefungwa, na sanduku letu la mwisho limekwama nje ya mpaka.

Maman Godelive, anayesafisha vyombo vya upasuaji tangu mimi sijazaliwa, alinionyesha kopo la maziwa ya unga. Ndani mna skrubu zilizotolewa kwa watu waliopona. Anazichemsha na kuzipanga kwa urefu bila kuzitazama, kwa ncha ya kidole tu.

"Hii ni makumi tatu na mbili," alisema, akanipa nyingine. "Hii ni makumi tatu na sita. Shika."

Nilizishika. Kwangu zilikuwa sawa.

"Wewe ulisoma mingi," alisema. "Kidole yako haikusoma."

15 Septemba

Docta amenituma nitafute skrubu mjini. Alinieleza mara mbili, kwa sababu anajua ninapenda kuelezwa mara mbili. Ya kuingia mwilini ni inoksi, chuma kisichoshika kutu, ya 316L. Ile ya 304 ni ya masufuria na vitasa. Zote zinang'aa sawa. Tofauti ni madini kidogo yanayoitwa molibdeni, asilimia mbili au tatu tu, yanayozuia chumvi isile chuma. "Na damu ni chumvi, Fikiri," alisema.

Nimepata pahali pawili. Papa Assani, ambaye ukoo wake umefanya biashara Uvira tangu wazee wao walipotoka pwani, ana skrubu moja ya mfano, akaniazima. Kichwani imechongwa namba, na ina karatasi ya kiwanda. Ila mzigo wenyewe utachukua siku ishirini au zaidi, ukipita njia ya Uvira kama njia itakubali. Yaya Alphonse, kaka yetu wa soko la Nyawera, anazo mia mbili leo hii, kwenye mifuko ya plastiki. Vichwa vyake havina alama yoyote.

"Ni 316L?" nilimuuliza.

"Waliniambia ni za hospitali. Mi nauzisha tu, sikuzifanya."

Nilitoa sumaku yangu iliyofungwa kamba. Niliichomoa kwenye spika mbovu mwaka jana, na tangu siku hiyo hakuna chuma kinachoingia depo bila kupita kwake. Docta huniita Monsieur Chimiste, Bwana Mkemia, kwa ajili yake. Nililegeza kamba nikaishusha juu ya skrubu ya Assani, haikushika. Nikaishusha juu ya skrubu za Alphonse moja baada ya nyingine, hakuna iliyonyanyuka.

Njiani kurudi nilipita wodi ya wanaume. Kuna kumi na mmoja wamelala na miguu imefungwa kwa mbao na matofali. Mmoja alikuwa anauma shuka.

Nimechukua za Alphonse. Kwenye fomu ya kupokea, penye neno "kalite", yaani ubora wa chuma, nimeandika 316L na kusaini.

16 Septemba

Maman Godelive alipitisha kidole juu ya kichwa cha skrubu mpya.

"Hii kichwa iko kipara, Fikiri. Zetu ziko na maandishi."

"Sumaku imezikubali, Maman."

"Sawa. Ni wewe unajua."

Docta aliniuliza mlangoni, mikono yake imeshaoshwa, imeinuliwa juu. "316L?"

"Ndiyo, Docta."

Hakuniuliza mara mbili.

19 Septemba

Mvua mchana kutwa. Saa nne asubuhi gari mbili zilipiga breki uani, wakashuka watu wenye bunduki wakimbeba kijana. Muundi wa kulia umevunjwa na risasi, mfupa unaonekana mweupe kama kipande cha sabuni. Anaitwa Pascal, ana miaka ishirini, na alikuwa anaomba radhi kwa kuchafua sakafu. Ni ndugu mdogo wa mkubwa wao.

Mlinzi wetu alisema bunduki haziingii ndani. Mkubwa alimpiga kofi moja, mlinzi akaketi chini, akabaki hapo ameketi kama aliyeambiwa asubiri. Kisha mkubwa akaingia depo, maana ndicho chumba cha kwanza, akaweka bastola juu ya meza yangu jinsi mtu anavyoweka simu.

"Docta," alisema, "huyu ni mudogo yangu. Mama alituzaa wawili tu. Akitembea nitakuletea mbuzi."

Docta alisubiri aseme itakuwaje asipotembea. Mkubwa aliomba maji ya kunywa, na mimi ndiye niliyempa.

Pascal amefungwa plaki na skrubu nane. Nilizihesabu mwenyewe.

20 Septemba

Milio ya risasi upande wa Bagira tangu alfajiri. Maiti mbili kwenye mtaro chini ya kona yetu. Watoto wa shule wanaziruka.

27 Septemba

Wote kumi na mmoja wameshafanyiwa upasuaji, na Pascal wa kumi na mbili. Wodi imetulia. Nilisikia mtu akicheka humo.

7 Oktoba

Pascal ametoka kwa magongo. Alikuja mpaka depo kunishukuru. Nilimpa pamba.

9 Oktoba

Papa Assani amekuja mwenyewe na mzigo wake, amelowa mpaka kofia. Nilimshusha kwenye kiti nikafungua boksi, nikatoa sumaku.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Napima kama ni 316L."

Alinitazama, akaona sifanyi mchezo.

"Mwanangu, sumaku inakuambia hii ni inoksi. Haikuambii inoksi gani. Sufuria nzuri ya mke wangu sumaku haishiki vilevile. Utamwekea mtu sufuria mguuni?"

Alicheka. Mimi pia nilicheka, nadhani. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka, mtu akitaka kujua tofauti, atafanyaje.

"Tia chumvi ndani ya maji na tone la javeli ya kung'arisha nguo, uache. Ile ya masufuria itatoa vidoadoa vya kahawia, nyingine itakawia. Lakini kwa nini? Zangu ziko na karatasi."

"Ni kwa elimu tu, Papa."

Nilisoma biokemia miaka mitatu pale sekondari. Niliwahi kuandika ubaoni kwamba 304 na 316 zote hazivutwi na sumaku. Nilipata alama kumi na nane kwa ishirini.

10 Oktoba

Nyumbani, dirishani, glasi mbili. Kushoto skrubu ya Assani, kulia ya Alphonse. Maji, chumvi, javeli. Zote safi.

Nitamwambia Docta kesho.

11 Oktoba

Kushoto safi. Kulia safi. Pengine Alphonse alisema kweli.

14 Oktoba

Safi. Safi. Mvua.

17 Oktoba

Wameingia nyumba ya jirani mchana kweupe, wakamtoa baba wa nyumba na kumpiga kwa kitako cha bunduki mbele ya kanisa, kwa sababu alikuwa na simu mbili. Nilisikia meno. Sikujua kwamba meno yana sauti. Nilifunga pazia kisha nikatazama glasi.

Safi. Safi.

22 Oktoba

Safi. Kulia, chini ya kichwa cha skrubu, nukta moja ndogo kama mbegu ya mchicha. Nimeisugua ikatoka. Nimeirudisha.

23 Oktoba

Nukta imerudi pahali palepale.

25 Oktoba

Nukta nne. Maji yana rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Kushoto safi.

Nitamwambia Docta kesho.

26 Oktoba

Docta alikuwa anapasua kutwa nzima. Sikutaka kumsumbua.

27 Oktoba

Leo hakupasua. Alikaa uani anakula muhindi wa kuchoma. Nilikwenda mpaka mbele yake.

"Ndiyo, Chimiste?"

"Glavu za namba saba zimekaribia kwisha, Docta."

3 Novemba

Niliondoa mifuko ya Alphonse kwenye kabati nikaweka ya Assani. Nilijiambia kwamba nimerekebisha, kwa kuwa tangu mwezi wa tisa hakuna mfupa mwingine uliobanwa. Watu kumi na wawili wanatembea mjini na zile nyingine ndani yao, mimi nimepanga kabati.

Maman Godelive aliingia akapitisha kidole.

"Maandishi yamerudi," alisema.

"Ndiyo, Maman."

Alifunga kabati. Halafu akaniuliza kama nimekula.

11 Novemba

Pascal amerudishwa. Nilimjua kwa harufu kabla ya uso. Mguu umevimba unang'aa, na bandeji ina madoa ya usaha na ya kahawia. Ile kahawia ninaijua. Nimeitazama dirishani mwangu karibu wiki tatu.

Docta alifungua. Skrubu tatu kati ya nane zimekatika shingo, na nyama iliyozizunguka imekuwa nyeusi. Aliziweka kwenye bakuli la chuma lenye umbo la figo, zikalia. Aliniita nizione.

"Unaona nini?"

"Kutu, Docta."

"316L haifanyi hivi ndani ya miezi miwili." Alifikiri. "Isipokuwa zililazwa kwenye javeli. Maman Godelive aliwahi kusahau mikasi humo siku mbili, mwaka juzi. Unakumbuka?"

Mwaka juzi sikuwa hapa, na yeye alijua. Alikuwa anauliza hewa tu. Ilikuwa nafasi yangu, Docta peke yake, mlango umefungwa, hakuna bunduki chumbani. Nilifungua mdomo, nikasema, "Inawezekana."

Wamemkata Pascal mguu saa kumi, chini ya goti.

12 Novemba

Naandika nikiwa nimeketi sakafuni.

Walikuja asubuhi, watano na mkubwa wao. Hakuwa anapiga kelele. Alitaka kujua kitu kimoja tu, ni nani aliyeharibu visi. Docta alisema ni ajali ya chuma, inatokea. Walimpiga tumboni akainama. Akiwa bado ameinama alisema neno javeli. Sidhani alitaka kumtaja mtu. Alikuwa anaeleza, kama anavyotuelezaga wote. Lakini mkubwa aliuliza, "Nani anagusa javeli hapa?" na kila mtu akamtazama Maman Godelive.

Wakamleta depo, kwa kuwa ndicho chumba cha kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu. Mifuko ya Alphonse ilikuwa kwenye droo, inagusa goti langu.

"Wee maman, uliweka visi ndani ya javeli?"

"Hapana. Nilizichemsha vile nilizipata."

"Ulizipata kwa nani?"

"Depo."

"Depo ni nani?"

Alikuwa amesimama mita moja kutoka kwangu. Hakunitazama. Alitazama kabati.

"Depo ni depo. Mi nachukua kwa kabati."

Mkubwa alinigeukia. "Na wewe, kijana?"

"Mimi naandika tu," nilisema.

Ndiyo maneno niliyosema mbele ya mama yako, Monique. Siyaongezi wala siyapunguzi.

Walimlaza mkono wa kulia juu ya meza yangu, juu ya daftari la kupokea mizigo, na mmoja akashusha kitako cha bunduki. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili hakupiga. Mara ya tatu vidole havikuwa vidole tena, vilikuwa kitu kilichomwagika. Mkubwa alikuwa analia machozi, kwa uwazi kabisa, akisema, "Miaka makumi mbili. Mutoto wa miaka makumi mbili." Kisha akasema watamchukua mpaka atakapokubali, na akikubali watamaliza kazi. Kesi yote ikawa imeisha kabla ya chai.

Walipomvuta mlangoni kiatu chake kimoja kilimtoka. Alisema, "Fikiri, kiatu yangu." Nilikiokota nikamvalisha. Nilipoinama alininong'oneza sikioni, "Kula, wewe. Hukukula asubuhi."

Alijua. Tangu siku ile ya kidole, alijua.

13 Novemba

Nimesafisha meza kwa javeli.

14 Novemba

Wanamshikilia mtaa wa Muhumba, kwenye nyumba yenye geti la kijani iliyoachwa na wafanyakazi wa msaada. Docta alikwenda kumwombea wakamrudisha jicho moja limevimba. Ameniambia: "Hajakubali. Asipokubali anaishi. Lakini mkono unaoza, Fikiri. Hawajamruhusu hata bandeji."

Kwa hiyo akikubali watamuua, asipokubali mkono utamuua.

16 Novemba

Nilikukuta getini, Monique. Ulikuwa na bakuli la ugali na samaki kwenye kitambaa, chini ya mvua, na walikuwa wanakuambia ungoje. Nilikuletea mkate. Uliniambia, "Asante yaya, mama anakusemaga vizuri sana." Nilikuachia mkate nikaondoka kabla geti halijafunguliwa.

17 Novemba

Nimetoka nyumbani asubuhi nikiwa na mfuko wa skrubu zilizobaki, fomu yenye saini yangu, na zile skrubu mbili zilizolala kwenye glasi nimezifunga kwa karatasi tofauti. Nilikuwa ninakwenda Muhumba. Nilijirudia maneno njia nzima: ni mimi niliyezichagua, maman hakukosa. Nilifika mpaka nikaliona geti. Mtu alikuwa amelazwa kifudifudi mbele yake, na mwenye bunduki alikuwa amesimama juu ya kiganja chake akiongea na simu.

Miguu yangu iligeuka. Sisemi hivyo kupamba. Nilikuja kujitambua niko ndani ya minibasi ya kwenda Walungu, nje ya mji, mfuko mapajani.

18 Novemba

Walungu. Mvua.

19 Novemba

Nimekwenda kwenye maegesho kurudi Bukavu. Minibasi ilijaa, ikaondoka. Nilikuwa na nafasi, nikampisha mwanamke mwenye kuku.

20 Novemba

Nimekwenda tena. Nilipanda, nikashuka kabla haijaondoka. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Sasa najua kitu kimoja kuhusu mimi ambacho sikukijua mwezi wa tisa: peke yangu sitafika getini. Ndiyo maana nakutumia daftari.

Ukurasa wa mwisho una majina ya wale kumi na mmoja wengine, na mitaa yao. Uchane umpe Docta Zagabe leo hii, bila kusema umetoka wapi. Ajue ni za 304, zote zitolewe kabla hazijawaozesha. Hiyo haihitaji uamuzi wako.

Yaliyobaki ni yako. Nimekuomba siri, na ukitaka kuishika, choma daftari. Lakini kama mama yako hajatoka ifikapo Jumapili, nakufungulia mdomo. Mpelekee mkubwa wao. Msomee tarehe kumi na tano Septemba, halafu tarehe kumi na mbili Novemba. Atataka kuniona, naye ataniamini, kwa sababu skrubu ninazo mimi.

Kunipata ni hivi. Minibasi za Walungu zinaishia karibu na soko. Shuka, uliza kwa Maman Bintu anayeuza misumari na mabati. Kila mtu anamjua. Ninampimia misumari kwa kilo. Mwambie unataka visi za inoksi. Atakuuliza za nini. Sema za mfupa. Hakuna mwingine atakayesema hivyo huku, naye ataniita.

Njoo mchana. Ukija na wao, usinitumie habari mbele, kwa sababu nikijua saa nitakimbia. Tembea wewe mbele yao, na kama mama yako anaweza kutembea, aje kando yako. Kiti changu nimekiweka kikitazama mlango, nisije nikasema sikuwaona.